Daktari wa Kupasua Hupatikanaje Kijijini?

 

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri mpaka siku ya shida, na siku ya shida wakati wa kufikiri huwa umekwisha pita. Jambo lenyewe ni hili: mtu akaaye shamba, mbali na mji mkubwa, akishikwa na ugonjwa usioponywa kwa dawa ya kunywa wala kwa sindano, bali kwa kisu cha daktari tu, atampata wapi daktari huyo, na kwa muda gani?

Kwanza nitasema daktari huyu ni nani, na ni magonjwa gani yamtakayo upesi. Kisha nitaeleza njia tatu zilizojaribiwa katika Afrika ya Mashariki na kwa jirani zetu ili kumfikisha mashambani. Mwisho nitasema yatupasayo sisi wenyewe.

Katika hospitali kubwa za mijini madaktari wa kupasua wamegawana mwili wa mtu kama mafundi wa mji wagawanavyo kazi. Mmoja hutengeneza mifupa tu, mwingine kichwa, mwingine macho, mwingine njia ya mkojo. Lakini yuko mmoja aitwaye mpasuaji wa jumla. Kazi yake hasa ni tumbo na vilivyomo ndani yake, na ngiri, na matiti, na majipu makubwa, na majeraha ya ajali. Akiwekwa katika hospitali ya wilaya, ambako hana mwenziwe, hufanya na yale ambayo mjini yangekuwa ya wengine: huunga mifupa, na huwapasua akina mama walioshindwa kujifungua. Huyu ndiye ambaye watu wa shamba wamhitaji kuliko wote, na huyu ndiye adimu.

Je, ni adimu kiasi gani? Mwaka 2016 ilitangazwa hesabu ya madaktari bingwa wa kupasua katika nchi za Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Walionekana 1,690 tu. Ukiwagawa kwa idadi ya watu, ni kama daktari mmoja kwa watu 190,000. Tena zaidi ya nusu yao walikuwa wakikaa katika mji mkubwa wa biashara wa nchi yao. Kwa hiyo hata fungu hilo dogo halikumfikia mtu wa shamba.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani mwaka 2015, baraza la wataalamu wa nchi nyingi lililokusanywa na gazeti la waganga liitwalo The Lancet lilieleza ya kuwa watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji ulio salama, wenye gharama wanayoiweza. Baraza hilo lilitoa na kipimo chepesi cha kujua kama hospitali yafaa. Waliuliza maswali matatu. Je, yaweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua? Je, yaweza kufungua tumbo la mgonjwa na kutengeneza lililoharibika ndani? Je, yaweza kumtibu mtu aliyevunjika mfupa ukatokeza nje ya ngozi? Hospitali iwezayo hayo matatu, mara nyingi huyaweza na mengine mengi. Wakasema tena ya kuwa yafaa kila mtu aweze kuifikia hospitali ya namna hiyo kwa muda wa saa mbili.

Labda mtauliza, mbona saa mbili? Ni kwa sababu mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda kama huo. Mwili una saa yake, wala haungoji barabara itengenezwe.

Chukueni mfano wa ngiri, ugonjwa ujulikanao sana vijijini. Ukuta wa tumbo hulegea mahali pamoja, mara nyingi kinenani, na kipande cha utumbo hupenya kikatokeza chini ya ngozi kama uvimbe. Mgonjwa akilala, uvimbe hurudi. Akisimama au akikohoa, hutoka. Aweza kukaa hivyo miaka mingi naye analima na kuvua kama wengine. Lakini huenda siku moja utumbo ukakamatwa katika tundu lile, usiweze kurudi, na damu isipite tena ndani yake. Hapo uvimbe huwa mgumu na huuma sana, mgonjwa hutapika, hapati choo wala upepo. Saa chache zikipita, kipande kile cha utumbo hufa na kuoza. Mtu ambaye asubuhi angetengenezwa kwa kazi fupi, kesho yake atahitaji kukatwa utumbo, na huenda asipone. Wazee walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tena kuitengeneza ngiri mapema, kabla haijakamatwa, si anasa ya matajiri. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri. Wengine waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa ili kuimarisha ukuta wa tumbo; wengine waliwekewa wavu wa namna ya chandarua cha mbu, uliosafishwa kwa joto la mvuke mpaka usiwe na kijidudu. Mwaka mmoja ulipopita, haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Hii si ruhusa ya mtu kukata chandarua chake nyumbani. Kazi hiyo ni ya hospitali peke yake. Lakini twajifunza hapo kwamba kizuizi kikubwa si bei ya vitu. Kizuizi ni kukosa mikono iliyofundishwa, iliyo karibu na mgonjwa.

Basi mikono hiyo itapatikanaje? Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni kumleta daktari kwa ndege. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huko Kenya kazi ya madaktari warukao, ambayo leo hujulikana kwa jina la Amref. Ndege ndogo ziliwachukua wapasuaji mpaka hospitali za mbali. Wakawapasua wagonjwa waliokwisha wekwa tayari, wakawafundisha wenyeji, kisha wakarudi. Wengi walipona kwa njia hii, na heshima yake ingalipo. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ngiri iliyokamatwa usiku wa manane, katika mvua za masika, haiwezi kungoja ndege ya wiki ijayo. Mgeni huwafaa sana wale ambao ugonjwa wao waweza kungoja.

Njia ya pili ni kumpeleka daktari wa mjini akakae wilayani kwa amri ya serikali, na njia ya tatu ni kumfundisha mtu aliye huko huko tayari. Njia hizi mbili zilionekana pamoja katika nchi ya Msumbiji, na kwa hiyo nitazieleza pamoja.

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, madaktari wengi Wareno waliondoka, kisha vita vikaingia. Madaktari waliopelekwa wilayani walikuwa wachache, nao hawakudumu. Basi mwaka 1984 serikali ilianza kuwachagua waganga wa daraja la kati waliokwisha kufanya kazi mashambani, ikawafundisha upasuaji kwa miaka mitatu: miwili katika hospitali kuu ya Maputo, na mmoja katika hospitali ya mkoa. Kisha wakarudishwa wilayani. Mwaka 2007 ilitangazwa habari yao. Miaka saba baada ya kuhitimu, karibu tisa katika kila kumi walikuwa wangali katika hospitali za wilaya. Lakini katika madaktari waliopelekwa huko wakati huo huo, hakusalia hata mmoja. Na upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali hizo, karibu wote ulikuwa kazi ya mikono ya waganga hao.

Tanganyika nayo ilikwisha kuanza jambo la namna hii mwaka 1963, ilipowaendeleza waganga wenye uzoefu wakawa Madaktari Wasaidizi, na kwa miaka mingi hao ndio waliokuwa nguzo ya upasuaji wilayani. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa upasuaji wa uzazi zaidi ya elfu moja katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ambao sehemu yake kubwa sana ilifanywa na Madaktari Wasaidizi. Walipolinganishwa na madaktari wenye shahada, haikuonekana tofauti ya maana katika kupona kwa wagonjwa.

Sisemi haya ili kuwashusha madaktari wa shahada. Iko kazi wasiyoiweza ila wao, na yule msaidizi huhitaji mkubwa wa kumwuliza jambo linapomshinda. Wala si kweli kwamba kila kijana atakayefundishwa mpaka kilele cha elimu atakimbilia Ulaya. Mwaka 1999 kilianzishwa Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Wanafunzi wake hawaitwi mahali pamoja wakakaa madarasani. Hufundishwa katika hospitali za nchi zao, chini ya wapasuaji wakubwa waliomo. Mwaka 2017 ilitangazwa hesabu ya wapasuaji zaidi ya elfu moja waliohitimu katika nchi za sehemu hizi tangu mwaka 1974 hata 2013. Katika kila mia, kama 85 walikuwa wakifanya kazi katika nchi ile ile waliyofundishwa. Kwa hiyo wengi hubaki nchini. Taabu ni kwamba hubaki mijini.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yangu. Twaona ya kuwa daktari wa kupasua hapatikani kwa kuitwa tu, wala kwa kuamriwa tu. Hupatikana kwa kufundishwa karibu, na hudumu kwa kutunzwa. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo, katika mashauri liliyotoa mwaka 2010 na kuyarudia mwaka 2021, lilizishauri serikali kuwachagua kwa mafunzo ya uganga vijana waliokulia mashambani, maana hao ndio warudio huko zaidi ya wengine, na tena kuwatengenezea makao na hali njema za kazi.

Fikirini daktari afikaye katika hospitali ndogo. Hana nyumba, mke au mume wake hana kazi, watoto wake hawana shule nzuri. Kila usiku huamshwa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine. Akiingia chumba cha kupasulia, taa huzimika. Akitaka damu, haipo. Akitaka mtu wa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya nusukaputi, ameondoka. Mgonjwa akimfia, watu wa nje husema daktari hajui kazi. Je, mtu huyu atakaa miaka mingapi? Wala tusimwite mroho akiondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mpasuaji mmoja hafanyi upasuaji. Yuko mtaalamu wa usingizi, wako wauguzi, yuko fundi wa taa na mashine ya mvuke, yuko mfagizi ambaye akizembea vidonda vyote vitaoza. Hawa wote ni mkono mmoja.

Ushahidi wa jambo hili twaupata Kigoma, kule mwisho wa reli, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1984, katika hospitali ya mkoa, vifo vya akina mama wazazi vilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Daktari Godfrey Mbaruku na wenziwe walishika kazi ya kurekebisha mambo kwa vitu vilivyokuwako pale pale, bila kungoja mali kutoka mbali: vifaa, utaratibu wa zamu, maarifa ya wafanyakazi, na masikilizano na wenyeji. Kufika mwaka 1991 vifo hivyo vilikuwa vimeshuka mpaka 186. Mji ulikuwa ule ule, na hospitali ile ile, lakini kazi ilitengenezwa mpaka mkono wa mpasuaji ukaweza kufaa.

Sasa, ndugu zangu, yatupasayo sisi ni nini? Nitayataja manne.

La kwanza ni kujua mapema. Kila mwenye nyumba aulize leo, naye mzima: hospitali gani iliyo karibu yaweza yale mambo matatu niliyoyasema? Barabara ipi hupitika wakati wa mvua? Gari au mashua ni ya nani, na huitwaje usiku? Majibu yaandikwe na kubandikwa katika ofisi ya kijiji na katika zahanati.

La pili ni kutochelewa. Uvimbe wa ngiri uliokataa kurudi na kuuma, tumbo gumu kama ubao pamoja na kutapika, mtoto mchanga asiyepata choo tena tumbo limemvimba, mama ambaye uchungu wake umepita saa kumi na mbili naye hajajifungua, damu isiyokoma: hayo yote ni ya safari ya saa ile ile. Mgonjwa wa tumbo wa namna hiyo asipewe dawa ya kuharisha, wala asilishwe. Mfupa uliotokeza nje huoshwa kwa maji safi mengi, hufunikwa kwa kitambaa safi, na kiungo hufungwa kwa vibao kisicheze. Usitie majivu, wala udongo, wala samadi.

La tatu ni kutoa vile ambavyo kijiji chaweza kutoa. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mishipa ya watu wazima wenye afya, nayo hutolewa kabla ya ajali, si baada yake. Shirika la kuchangiana fedha kidogo kidogo baada ya mavuno laweza kulipia mafuta ya gari usiku wa shida. Na kijiji kilichoweza kujenga nyumba ya mwalimu hakishindwi kusaidia kujenga nyumba ya muuguzi au ya daktari. Msaada huu tusiufanye kama sadaka kwa mgeni. Tujue ya kuwa twajenga ukuta wa nyumba zetu wenyewe.

La nne lawahusu ninyi wanafunzi na wazazi wenu. Njia ya udaktari wa kupasua ni ndefu, wala sitaki kuwadanganya. Baada ya masomo ya sayansi katika shule ya sekondari, huja miaka mitano ya chuo cha uganga, na mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya wakubwa. Katika chuo kile kilichoanzishwa mwaka 1999 huongezwa miaka miwili ya msingi wa upasuaji, kisha mitatu ya upasuaji wa jumla. Lakini mlango si mmoja. Tabibu, muuguzi, mtaalamu wa usingizi, na fundi wa maabara, wote wamo katika kazi hii, na wengi wao wana njia ya kupanda. Tena wasichana wasidhani kuwa kisu ni cha wanaume. Katika hesabu ile ya 2016 wanawake walikuwa chini ya mmoja katika kila wapasuaji kumi; basi wajue kuwa nafasi ingali wazi, na wazee wasiwaondoe binti zao shuleni.

Mzazi mwenye mtoto mwenye akili ya hesabu na moyo wa huruma na amtazame vizuri. Huenda yule achungaye mbuzi jioni hii ndiye atakayekuja kufungua tumbo la jirani yake miaka kumi na mitano ijayo, akalishona, jirani akarudi shambani kwake. Lakini hatarudi kwetu kwa sababu tu ya kuzaliwa kwetu. Atarudi akijua ya kuwa ana nyumba ya kulala, ana wenzi wa kufanya nao kazi, ana taa, maji na damu, na ana watu wamwaminio hata siku ambayo mgonjwa amemshinda.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja dogo lililo rahisi. Mkutano wa kijiji utakapokutana, mmoja wenu asimame aulize: mtu akishikwa na tumbo usiku huu, twampeleka wapi, kwa chombo gani, na nani atatoa damu? Kama hakuna awezaye kujibu, kazi na ianze hapo.